Kitanda cha Mjukuu

Katika mji ule, kitanda cha mtoto hakifunguki mpaka kiguswe na mtu mwenye namba ya hifadhi ya jamii. Bi Mwanaheri alitoka nchi ya mbali kuja kulea mjukuu, na namba aliiomba siku ile ile aliyoshuka.

Binti yake akiwa kazini, mtoto alilia. Bibi akaweka kiganja kwenye kifuniko cha kioo.

"Ombi lako linashughulikiwa, bibi. Subiri," kitanda kikasema.

"Nasubiri tangu huyu yuko tumboni, ewe kibao!"

Akainamia kioo, akaita, "Kitendawili!" Mtoto akanyamaza, akatabasamu.

Kesho yake kilio kilipoanza, kabla bibi hajanyanyuka, kitanda kiliita, "Kitendawili!" kwa sauti ya bibi mwenyewe. Mtoto akacheka.

Bi Mwanaheri akatazama mikono yake mitupu.

"Tega," akajibu.