Besi Iliyotangulia Kidole

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi mvua ya mawe ilipiga mabati kwa nusu saa nzima. Nondo alilala kama mtoto mchanga mpaka mkewe alipomgusa bega.

Saa nane mchana, katikati ya mazoezi, aliinua vidole vyake vyote kutoka kwenye nyuzi za gitaa lake la besi. Besi haikunyamaza. Iliendelea kutembea chini ya nyayo zake, kwenye mbao za jukwaa, mpaka wimbo ukaisha.

Alikuwa ameanza kushuku wiki mbili nyuma. Kuna nyakati mngurumo ulikitangulia kidole chake. Jumamosi iliyopita aliruka pigo moja kwa makusudi. Gitaa halikuruka.

Gitaa hilo alikuwa nalo mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alikuwa akiliita Bi Mkubwa. Kila mara kabla ya kupiga, alivua viatu, akaweka kiganja kwenye shingo ya gitaa na kusali kimya. Mwaka juzi lilipolala siku nne kwa fundi, alishinda kwenye benchi la karakana kama mtu aliyelaza mgonjwa hospitali. Mkewe aliwaambia majirani, "Mimi hapa ni mke mdogo. Bi Mkubwa nilimkuta." Walicheka, naye alicheka.

"Kuna mtu anachezea gitaa langu," Nondo alimwambia kiongozi wa bendi.

Kiongozi alikuja kusimama mbele yake, uso kwa uso, kama alivyozoea siku hizi. "Nani atathubutu? Wewe mwenyewe huligusi mpaka uvue viatu."

"Labda Bi Mkubwa amechoka kukungoja, Kaka Nondo," mpiga dramu alidakia kutoka nyuma. "Ameamua kuanza mwenyewe!"

Bendi nzima iliangua kicheko. Nondo aliwatazama, kisha naye akacheka, wenzake wakiwa wamekwisha kunyamaza.

Lakini moyoni hakucheka. Alijua mambo haya yanavyokwenda. Mpiga solo wa zamani aliondolewa hivihivi: mtu mpya aliletwa kimyakimya, akafundishwa nyimbo, na siku moja mwenzao akafika akakuta nafasi yake ina mwenyewe. Nondo hakuwa na kazi nyingine, wala hakutaka nyingine. Kila alfajiri alimwomba Mungu jambo moja tu, ambalo hakuwahi kumwambia mtu: asiondolewe kwenye besi kabla ya kuondolewa duniani.

Alipiga magoti, akaushika waya wa gitaa lake, akaanza kuufuata kwa mikono miwili.

"Kaka, acha!" mpiga tarumbeta alipiga kelele nyuma yake. "Kaka Nondo!"

Hakugeuka. Aliendelea kutambaa. Kiongozi alimzunguka mbio na kusimama mbele yake, mikono ameitanua. Nondo alimsukuma kando.

Waya ulipita chini ya zulia, ukaingia nyuma ya pazia jeusi. Huko ndiko spika zilikohamishiwa tangu Februari, ili jukwaa lipendeze, walisema. Alifunua pazia. Ncha ya waya wake ilikuwa sakafuni, imeshika vumbi. Haikuchomekwa popote.

Hatua tatu mbele, katikati ya sare za bendi zilizotundikwa, mkewe alikuwa ameketi juu ya kreti la soda. Kila Jumamosi alikuja kupiga pasi sare hizo. Leo pasi ilikuwa kando, ya baridi. Mapajani alikuwa na gitaa la besi ambalo Nondo hakuwahi kuliona, na waya wake ulikuwa umezama kwenye spika.

Nondo alikuwa amejiandaa kumkuta mgeni. Kwa mgeni angekuwa na maneno.

"Tangu lini?" aliuliza hatimaye.

Mkewe aliinua vidole vinne.

"Miezi minne! Na hawa wote wanajua?"

Wanabendi walikuwa wamejaa kwenye pazia. Hakuna aliyeinua uso.

"Mama watoto," Nondo alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi. "Ningeshikwa na polisi kesho, ningesema niitieni mke wangu. Kumbe mwizi ninakula naye sahani moja. Miaka yote hii nafanya mazoezi sebuleni, wewe unachambua mchele, kumbe unaniibia!"

"Nilikuwa nakusikiliza tu, baba watoto."

"Unaitaka nafasi yangu?"

"Siitaki. Vidole vyangu hivi, tazama. Vinatoka damu."

Hakuvitazama. Alijaribu kusali, kama alivyofanya katika kila shida ya maisha yake, na sala haikuja. Alichokiona ni mkewe kila Jumamosi akimfunga vifungo vya shati, akimbusu shavuni, kisha akienda nyuma ya pazia kumnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho.

"Basi ahidi," alisema. "Mbele ya Mungu na mbele ya hawa wenzako. Lini utaliweka chini hilo gitaa?"

Mkewe alisimama. Aliwatazama wanabendi mmoja mmoja. Kisha akamshika mumewe kidevu, akaugeuza uso wake mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha ili mumewe aione vizuri midomo yake, akasema polepole, neno moja moja:

"Mbele yao wote ninaahidi. Siku masikio yako yatakaposikia tena, hata noti moja tu, siku hiyohiyo nitaliweka chini, na sitaligusa kamwe."