Mvinyo Mwekundu wa Bi Perisi

Siku hizi mvinyo hauonjwi utamu tu. Anayeunywa huhisi alichokuwa akihisi mchumaji wa zabibu zake. Ndiyo maana shamba la Ndahani, kule Hombolo, lilivuma hadi ng'ambo: zabibu zake zote alizichuma mama yake mzazi, Bi Perisi, huku akiimba.

Wakwe walipoleta posa ya binti yake, Ndahani aliwafungulia mvinyo mwekundu wa mwaka jana. Chilongani, baba wa mposaji, alipiga funda moja, akajifuta machozi.

“Ndugu yangu, huyu aliyechuma alifukuzwa kwao?”

Ndahani akainamisha uso. Mwaka jana, mavuno yalipokaribia, alimhamishia mama yake stoo ili chumbani kwake walale watalii. Mama alijibu tu, “Haya, mwanangu.”

“Ni jino, baba,” Bi Perisi alidakia akicheka. “Liliniuma msimu mzima!”

Kisha akaaga akajinyooshe kidogo. Ndahani aliomba kimoyomoyo asiinuke. Aliinuka, na wakwe wote wakamsindikiza kwa macho, akipita mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka akausukuma ule wa stoo.