Uso wa Bwana Giza

Siku hizo adui wa katuni hakuwa na sura mpaka kitabu kifunguliwe. Kurasa zilisoma macho ya aliyekifungua kwanza, zikamchora adui kwa uso wa mtu ambaye msomaji huyo anamwogopa kuliko wote.

Mghanga alikisubiri kwa hamu kitabu cha Kapteni Kimulimuli. Visa vyote vya shujaa wa utotoni mwake, ambaye wenzake wengi hata hawakumsikia, sasa vilikuwa ndani ya juzuu moja nene. Alisoma akicheka peke yake. Adui Bwana Giza atatoka na uso wa nani? Bila shaka yule bosi wake kazini.

Akafika pale Bwana Giza anapovua kofia inayomficha uso. Ulikuwa uso wake mwenyewe, pengo lake, na kovu lake la kidevuni.

"Wakesho!" alimfokea mkewe. "Nani amefungua kitabu changu?"

Wakesho alitokea, akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Mzigo ulipofika nilichungulia tu, Baba Mkamburi," alisema kwa sauti ndogo. "Haki ya Mungu, nilidhani nitamwona marehemu baba na mkanda wake."