Kicheche na Mpaka wa Mfereji

Kicheche alikuwa mbunge wa jimbo la pembezoni mwa mji, na hakuna alichokichukia kama kuulizwa maswali. Panya wa ng'ambo ya mfereji hawakumpa nafasi ya kupumua: "Mheshimiwa, chatu wa kwenye matete ya mfereji anatumalizia watoto. Umelisema hilo bungeni?"

Basi akaenda bungeni, akawashawishi wenzake kwamba mpaka wa jimbo uishie kwenye mfereji. Panya wakawa nje.

Aliporudi jioni aliwakuta Panya wamejaa mlangoni pake.

"Mnataka nini tena?" akafoka. "Mimi si mbunge wenu. Nendeni jimbo la jirani."

"Huko nako wametukataa," alisema Mama Panya. "Lakini leo hatukuja kuuliza. Tumekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Sheria inataka mbunge aishi ndani ya jimbo lake. Na shimo lako, baba, liko huku huku kwetu."

Kicheche akageuka kuutazama mfereji. Matete yalikuwa yanatikisika, na upepo haukuwepo.

"Sasa," akauliza kwa sauti ndogo, "tumwambie nani?"