Ukungu Begani

Bi harusi alirudisha picha zake zote.

"Baba Atu, nimekodi shela mpaka Nakonde, halafu begani kuna ukungu kama nimepigwa picha jikoni," alisema. "Si ufute hiyo lenzi?"

"Haifutwi," Asajile akajibu, akamrudishia hela yake.

Frida, mkewe, alisikia yote nyuma ya pazia la studio, roho ikamuuma. Wateja walikuwa wanaisha hivyo hivyo. Kamera ilikuwa mpya kabisa, wameinunua kwa mahindi yake Frida, lakini Asajile alikuwa ameifungia lenzi ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Haijilengi yenyewe, mpaka uizungushe kwa mkono, taratibu, sura ya mtu itulie. Na kwenye kioo chake cha nyuma kulikuwa na doa.

Lenzi hiyo ilitoka kwa Judith, mke wa kwanza. Ilikuwa ya baba yake, naye aliiacha alipoachana na Asajile na kurudi kwao Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwaka ule walipomzika Atu, mtoto wao. Hapa Chapwa kila mtu anajua. Lakini ni Frida aliyemwona mumewe akiifungua lenzi, akiitazama kule nyuma, kisha akiirudisha bila kugusa kioo. Hakuhitaji kuambiwa anamkumbuka nani.

"Bado unampenda?" aliwahi kumuuliza.

"Nani?" Asajile akasema, na uso wake ulionyesha kweli hajui.

Frida akaona anafanywa mjinga.

Jumamosi Asajile alikwenda kununua karatasi za picha. Frida akaitoa lenzi. Kando ya stendi ya kamera palikuwa na kigoda ambacho hakihamishwi, kifupi mno kwa mtu mzima. Akakikalia hivyo hivyo, magoti kifuani. Doa lilikuwa dogo kuliko ncha ya kidole chake. Akapumua juu ya kioo, likatokeza mistari myembamba, naye akalifuta kwa khanga kabla hajaliangalia vizuri. Likagoma kidogo, kisha likatoka, akairudisha lenzi kwenye kamera. Alijisikia kama amemvusha Judith mpaka, safari hii moja kwa moja.

Asajile aliporudi, aliinua kamera, akamlenga mkewe, akazungusha lenzi. Picha ikatoka safi, kona zote nne. Frida akatabasamu, akisubiri ashukuriwe.

Mumewe akaifungua lenzi, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni. Akaitazama muda mrefu.

"Umefuta."

"Nimefuta, mume wangu. Sasa tuanze upya."

Asajile akaketi sakafuni, kando ya kigoda.

"Ilikuwa alama ya kidole cha Atu," alisema. "Alikuwa anauliza kama mle ndani kuna maji."