Bei ya Mikoko

Mwanatumu alishusha mguu kitandani akitarajia maji, akakanyaga sakafu kavu. Alhamdulillahi! Bahari ilichafuka usiku kucha, lakini mikoko iliyo nyuma ya nyumba yake iliyavunja mawimbi. Jana tu alikuwa amepokea arbuni, malipo ya kutanguliza, kutoka kwa Mselemu, jirani aliyekwisha kukata mikoko yake akauza boriti, na sasa aliitaka na hii.

Alikwenda nyumbani kwa Mselemu, akamkuta sebuleni anachota maji ya bahari kwa sufuria.

"Shika arbuni yako, mwanangu. Siuzi."

"Taja bei, Bi Mwanatumu. Nitaongeza."

"Bei kaliulize godoro lako. Langu kavu. Haya, njoo na wanao mjistiri kwangu."

Mselemu aliwaita wanawe. Kisha akajitwisha godoro lililorowa, akamfuata, maji yakimchuruzika njia nzima hadi kwenye kizingiti kikavu.