Mtihani wa Kukanda

Mwanahawa alikuwa mkandaji mwenye leseni, ila ya jimbo alilohama. Huku alitakiwa kufanya mtihani upya, na akifeli, hakuna kukanda mtu mwaka mzima. Mkaguzi, Bwana Shomari, alijimwaga chali kitandani kama gunia la muhogo, muhuri wa kupasisha mkononi, mkono kifuani.

"Haya binti, nikande."

Mikono ya Mwanahawa, kwa mazoea ya kwao, ikaanzia miguuni.

"Weee! Huku tunaanzia kichwani."

"Kwetu kichwa ndicho mwisho, mzee. Nianze upya?"

Jibu lilikuwa mkoromo. Nje, waliopanga foleni ya mtihani wakagonga mlango. Mwanahawa hakuthubutu kuachia unyayo, mzee asije akashtuka na kumfelisha. Alikanda polepole, akiutazama muhuri ukipanda na kushuka juu ya kifua kile.